Naomba ushauri: kocha ananijia mimi kulalamikia uamuzi wa mwenzangu

Habari zenu wakuu. Huu ni msimu wangu wa pili kuchezesha besiboli ya watoto wa miaka 11 na 12. Tunakuwa waamuzi wawili, mimi nyuma ya mdakaji, mwenzangu kwenye beisi.

Mchezo uliopita mwenzangu aliamua kwamba mkimbiaji ametoka ("out") beisi ya kwanza. Kocha akampita palepale kama hamwoni, akaja kwangu: "Wewe si ndiye mkuu? Badilisha!" Nikamwambia uamuzi si wangu, amfuate aliyeutoa, tena aombe muda kwanza. Akaenda, akarudi analalamika kwamba mwenzangu amekataa kuniuliza.

Na kusema kweli (hapa ndipo ninapoumia) niliona mguu wa mlinzi wa beisi umenyanyuka kutoka kwenye beisi kabla mpira haujamfikia, yaani mkimbiaji alikuwa salama. Kanuni naijua, simwingilii mwenzangu asipoomba msaada. Nikanyamaza. Wazazi wakazomea hadi mwisho.

Nyie mkiwa mmeona kitu ambacho mwenzenu hakukiona, na hajauliza, mnafanyaje? Kuna ishara mnayokubaliana kabla ya mchezo? Na kocha akinirudia mara ya pili, namwonya tena au ndiyo namtoa uwanjani?