Baiskeli ya kulala: nabebaje trei za mayai na pumba bila kutumia hela nyingi?

Mfugaji_Kisesa

Wakuu habari za leo, naomba mawazo yenu hasa wanaojua baiskeli na mafundi wa Mwanza. Nina baiskeli ya kulala, ile unaegemea kiti chenye mgongo, miguu inanyooka mbele na pedeli ziko mbele siyo chini. Niliinunua kwa mzungu mmoja alikuwa anatoka Cairo anaelekea Cape Town, kufika Mwanza akasema safari basi, akaiachia kwa bei ya kutupa ila mabegi yake akaondoka nayo. Mimi nina shida ya pingili za kiuno, baiskeli ya kawaida ya Phoenix nikiendesha nusu saa nashuka nimepinda, hii natoka Kisesa mpaka Buzuruga nashuka mzima.

Sasa tatizo mzigo. Nafuga kuku wa mayai, asubuhi nasambaza trei kumi mpaka kumi na mbili Igoma, Nyakato na Buzuruga, kurudi nabeba pumba au mashudu. Phoenix ilikuwa rahisi, una keria, unafunga mpira wa tyubu umemaliza. Hii haina keria, haina bomba la juu la kutundika hata kiroba, na begi la mgongoni ndo haiwezekani maana mgongo umelalia kiti. Sa hivi mzigo nampa bodaboda na faida yote inaishia kwake. Mtandaoni nimeona mabegi maalum ya hizi baiskeli nikazima simu, kwa hela ile naongeza banda. Nataka njia ya bei ya chini kwa vitu vya hapa hapa. Kuna fundi ameniambia nimpelekee, atachomelea keria la nondo kwenye fremu asubuhi moja tu. Niende?

Ngosha_RockCity

Hahaha mkuu hiyo ni baiskeli au kitanda cha wodini? Kuna siku nilikuona Igoma pale nikajua mtu kaanguka na baiskeli inaendelea kutembea. Aisee tafuta pikipiki ya mkopo uachane na vituko.

FundiSpoku_Mabatini

Mfugaji usiende kwa huyo fundi kwanza. Chukua sumaku hata ya spika mbovu, igusishe kwenye fremu. Ikikataa hiyo ni alumini, na hizi mashine za kuchomelea za vijiti za mtaani kwa alumini nyembamba ni kuyeyusha tu. Ikishika ni chuma, ila napo usifurahi haraka, fremu za baiskeli za safari bomba lake jembamba, ukuta wake ni kama milimita moja au pungufu, siyo bomba la Phoenix ambalo unaweza kulipiga moto ukalirudia. Moto ule unatoboa, na usipotoboa bomba linadhoofika pembeni ya alama ya kuchomelea, halafu linakuja kukatika siku una mzigo uko kwenye mteremko. Kila kitu kwenye hiyo fremu funga kwa bolti, yubolti (bolti iliyopinda kama herufi U) na klampu, chini yake zungushia kipande cha tyubu isikwaruze na isiteleze. Chomelea vyote unavyotaka, ila mezani, siyo kwenye fremu.

Halafu nijibu vitu viwili ndo tuongee vizuri. Tairi la mbele liko mbele ya pedeli, au liko nyuma ya pedeli chini ya magoti? Na usukani uko juu kifuani au chini pembeni ya kiti?

Mfugaji_Kisesa

Sumaku imeshika. Tairi la mbele liko mbele kabisa ya pedeli, dogo lile la namba 20, la nyuma ni 26. Usukani uko chini, mikono inakaa pembeni ya mapaja.

FundiSpoku_Mabatini

Basi hiyo ni ile ndefu. Hapo ndo penye siri yote, na wengi wanakosea hapa maana wanafikiria keria kwanza kabla ya kufikiria uzito unakwenda wapi. Kwenye ndefu mwendeshaji amekaa karibu na tairi la nyuma, la mbele linabeba kidogo tu. Ukirundika gunia la kilo 50 nyuma ya ekseli, la mbele linazidi kuwa jepesi, ukikata kona kwenye kokoto au mchanga linateleza bila kukuuliza, na ukipanda kilima polepole usukani unacheza cheza huku na huku. Ingekuwa ile fupi, ambayo pedeli zinatangulia mbele ya tairi, mzigo wa nyuma usingekusumbua sana kwa sababu tairi la mbele lina uzito wako wa kutosha. Kwa hiyo yako kitu kizito kinakaa chini ya kiti, katikati ya matairi mawili na chini kadri inavyowezekana, chepesi ndo kinakwenda nyuma.

Cha kufanya. Nunua madumu mawili ya njano ya mafuta ya kula ya lita 20, yale yaliyotumika, sokoni yamejaa. Osha kwa maji ya moto na sabuni na majivu mpaka mafuta yaishe, kisha kata ubavu mmoja wote, ukilaza unapata sanduku. Kwa fundi wa kuchomelea mwambie akutengenezee fremu ndogo ya flatibaa, kile chuma bapa, yenye umbo la herufi U iliyopinduliwa, inapita chini ya kiti toka upande mmoja kwenda mwingine, inashikwa na yubolti mbili kwenye bomba kuu. Kila mguu wa hiyo U unabeba dumu moja. Bolti zinazopita kwenye plastiki weka washa kubwa ndani na nje, bila washa dumu linachanika siku ya kwanza ya mashimo. Toboa vitundu viwili vitatu chini maji ya mvua yatoke. Pumba gawa kwenye viroba viwili sawa sawa, kimoja kila upande, siyo upande mmoja mzito mwingine mwepesi, baiskeli ya kulala huwezi kuisawazisha kwa kiuno kama ulivyozoea.

Kabla hujakaza bolti, geuza usukani mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, maana wako uko chini, mikono isigonge madumu. Angalia na cheni, kwenye hizi cheni ndefu inapita chini ya kiti, kona ya kiroba ikiingia humo imekwisha. Na toka chini ya dumu mpaka ardhini bakiza shubiri moja angalau, baiskeli ikilala kwenye kona dumu lisiguse lami.

Mwl_Nyegezi

Samahani natoka nje ya mada kidogo, nimjibu Ngosha. Hicho kitanda unachokicheka, mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa hata kwenye daraja la juu la mbio, alikilalia pale Paris akaenda kilomita 45.055 ndani ya saa moja, akavunja rekodi iliyokuwepo toka 1914. Aliyeitengeneza ni Charles Mochet. Wakubwa wa shirikisho la baiskeli wakaona aibu, mwaka uliofuata wakaziondoa kwenye mashindano, na ndo maana mpaka leo hujaiona kwenye televisheni. Mwili ukiwa umelala upepo unapita, hakuna uchawi. Ila ukiifunga gunia lililosimama mgongoni huo upepo unaurudisha wote, sababu nyingine ya kuweka mzigo chini.

Dada_Buzuruga

Mimi ni muuza duka, baiskeli sijui ila mayai nayajua. Kaka trei moja na mayai yake 30 ni kama kilo mbili, kwa hiyo trei kumi na mbili ni kilo 24 hivi, siyo mzigo wa kutisha, shida yake ni mtikisiko. Wanaoniletea yakiwa yamepasuka ni wale wanaokaza mpira wa tyubu mpaka trei za juu zinabonyea, halafu mpira unavuta na kuachia kila shimo. Weka trei tupu juu na tupu chini, chini kabisa kipande cha godoro, mafundi wa makochi wanavitupa, halafu funga kwa kamba ya manila kwa msalaba, mpira uwe wa kushikilia tu juu yake. Na usifunike na nailoni jua likiwa kali, mayai yanatoa jasho. Turubai jepesi lenye nafasi ya hewa.

FundiSpoku_Mabatini

Dada kaongea. Mayai ndo yaende kwenye keria la nyuma, kilo 24 zinavumilika kama zimeegemea mgongo wa kiti, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, zikisogea nyuma ya ekseli ndo matatizo yale yale yanaanza. Keria lenyewe chukua la Phoenix lililochakaa, pale kwa wauza vyuma hukosi. Lile limetengenezwa kwa tairi la 28 kwa hiyo miguu itakuwa mirefu kwa 26 yako, kata, ponda ncha iwe bapa, toboa, funga kwenye ekseli ya nyuma. Juu lifunge kwenye fremu ya kiti kwa klampu mbili. Hakikisha tu kiti chako hakina springi pale, kama kinacheza na keria halichezi, moja litalivunja lingine.

MzeeWaNansio

Vijana mmezunguka sana. Huku Ukerewe muhogo na machungwa tunashusha kwa baiskeli miaka yote, na mimi nasema huyo bwana afunge tela. Ringi mbili za baiskeli ya mtoto, namba 20 au hata 16, engo za kitanda kibovu, ubao juu. Gunia zima la pumba linakaa humo na baiskeli yake haibebi kitu. Akifika anachomoa pini anaondoka na baiskeli tupu.

FundiSpoku_Mabatini

Shikamoo mzee. Tela ni zuri sikatai, hasa kwa gunia zima, ila Nansio kwenu tambarare. Tela lenye kilo 50 kwenye mteremko linakusukuma toka nyuma, ukishika breki ukiwa kwenye kona linakuja ubavuni. Na kupanda nako, mwenzetu huyu hawezi kusimama juu ya pedeli kama sisi, anategemea gia na miguu tu. Akishindwa anashuka kusukuma, na baiskeli yenye usukani chini kuisukuma ni kazi, lazima ushike juu ya mgongo wa kiti uende umejikunja. Huku Mabatini simshauri kabisa.

MzeeWaNansio

Marahaba. Hapiti huko kwenu kwenye mawe, kasema Kisesa, Igoma, Nyakato, Buzuruga. Ni barabara ya Musoma, lami, vilima vya kawaida. Apunguze mwendo kabla ya mteremko siyo katikati yake, basi. Mambo ya kuzingatia ni haya. Ringi za kawaida ekseli yake lazima ishikwe pande zote mbili, usiishike upande mmoja kama toroli, itapinda. Kama anataka ya kushika upande mmoja atafute magurudumu ya kiti cha wagonjwa kwa wauza vyuma chakavu. Mkono wa tela ushikwe kwenye ekseli ya nyuma ya baiskeli upande wa kushoto, cheni iko kulia. Hizo za kufunga chini ya tandiko yeye haimhusu, hana bomba la tandiko. Pale kwenye kiungo weka kipande cha tairi la lori kilichokunjwa na bolti mbili, kinapinda kila upande, na pembeni yake kamba ya manila ya akiba, pini ikikatika tela lisiende zake kwa watu. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela ili mkono ulemee chini kidogo. Ukikaa nyuma mkono unainuka, unanyanyua tairi la baiskeli na tela linaanza kuyumba kama mlevi.

FundiSpoku_Mabatini

Hapo kwenye kiungo cha tairi la lori mzee nakuvulia kofia, nilikuwa nafikiria springi. Upana wa tela usizidi upana wa usukani wa Phoenix, mtu ambaye hajazoea anapita yeye halafu tela linagonga nguzo. Mfugaji na jambo moja la lazima, tela au madumu, weka ufito wa mwanzi unaozidi kichwa cha mtu aliyesimama, juu yake kitambaa chekundu. Wewe uko chini, hiace ikiwa mbele yako inarudi nyuma hakuoni kwenye kioo. Na viakisi mwanga nyuma ya tela, pande zote mbili siyo kimoja katikati, kimoja dereva anadhani ni pikipiki anakubana.

Ngosha_RockCity

Mwalimu nimekusoma, naomba radhi kwa kitanda. Ila swali la kweli, mpaka afanye madumu, keria na tela si hela ya mabegi ya mzungu imeshafika?

FundiSpoku_Mabatini

Haifiki hata karibu, vitu vingi hapo ni chakavu, gharama kubwa ni fundi wa kuchomelea. Na siyo lazima vyote.

Mfugaji_Kisesa

Wakuu nimewasoma wote, mzee shikamoo na asante. Naanza na madumu na keria, tela nitalijenga taratibu kwa ajili ya siku za kufuata pumba maana gunia kuligawa kila safari ni kero. Kiti nimekiangalia hakina springi, ni wavu tu umevutwa kwenye bomba. Swali la mwisho, spoku za nyuma zitahimili? Zile za mzungu naona nyembamba kuliko za Phoenix.

FundiSpoku_Mabatini

Wembamba siyo tatizo zikiwa zimevutwa sawa. Zipige kwa kidole moja moja, yenye mlio mzito kuliko wenzake imelegea, ikaze kidogo. Rudia baada ya safari chache za kwanza zenye mzigo maana hapo ndo zinakaa. Tairi jaza upepo kidogo zaidi ya ulivyozoea, usipite namba iliyoandikwa ubavuni. Na usianze na mayai. Jaza mchanga wa kilo zile zile kwenye viroba, zunguka jioni huko Kisesa, pita kwenye mashimo makusudi, kata kona kali, shika breki mara kadhaa, kisha kaza bolti zote tena.

Dada_Buzuruga

Ukimaliza mchanga mimi nahitaji trei nne kila Jumatatu, niko karibu na stendi. Ila ile siku ya kwanza ya mayai anzia kwa wateja wengine.