Nimewaalika madaktari 54 kwenye utafiti wa upimaji wa tezi dume, wamejibu 6. Nimekosea wapi?

Nesi wa Chumbageni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mlio madaktari na matabibu, na msinionee huruma.

Mimi ni muuguzi, miaka 11 nipo wodi ya upasuaji ya wanaume. Sasa hivi nasoma uzamili wa afya ya jamii na utafiti wangu unauliza kitu kimoja tu. Mwanaume wa miaka 55, hana dalili yoyote, anaingia kwa daktari anasema "naomba nipimwe tezi dume". Daktari anamjibu nini? Anamweleza uzuri na ubaya wa kipimo cha PSA, kile cha damu ambacho namba ikiwa juu mtu hushukiwa saratani ya tezi dume, anamkatalia, au anajaza fomu ya maabara na kumwita anayefuata? Sitaki damu ya mtu, sitaki mafaili ya wagonjwa. Nataka dakika 25 za maongezi.

Mtauliza kwa nini madaktari na si wagonjwa. Wodini kwetu wazee wanakuja tayari wana mpira wa mkojo, mgongo unauma, wengine miguu imeanza kufa ganzi. Ukikaa nao ukawauliza taratibu, mmoja baada ya mwingine anakwambia alishapita kwa daktari miaka miwili mitatu nyuma. Kilichosemwa kwenye chumba kile hakikuandikwa popote. Na hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume hapa nchini.

Kibali cha maadili kilinichukua miezi minne. Barua ya mkoa, barua ya wilaya, mihuri ya waganga wafawidhi, vyote ninavyo. Nikachapisha mialiko 54, kurasa nne kila mmoja, nikaitia kwenye bahasha za kaki na kuigawa mwenyewe kwa daladala na bodaboda, Muheza mpaka Pangani. Walionijibu ni 6, na wawili kati yao ni watu niliofanya nao kazi, hao wangekuja hata ningewaita kumenya vitunguu.

Wiki jana nikarudi kituo kimoja kufuatilia. Daktari yuko chumba cha upasuaji, karani akaniambia ingia uangalie mezani kwake. Bahasha yangu ipo, haijafunguliwa, ina duara la kahawia la kikombe cha chai. Nikaigeuza. Nyuma kuna mwandiko wake kwa kalamu ya bluu: "PSA 86. Mzee wa Pongwe. Mpigie mwanae." Namba hiyo iko juu mno. Nikaisoma mara tatu nimesimama. Jambo lote ninalolitafuta ameliandika mgongoni mwa mwaliko ambao hajaufungua.

Huu hapa mstari wa kwanza wa mwaliko wenyewe: "Ndugu Daktari, unaalikwa kushiriki katika utafiti unaolenga kutathmini uelewa, mtazamo na utendaji wa watoa huduma za afya kuhusu uchunguzi wa awali wa saratani ya tezi dume katika vituo teule." Msimamizi wangu aliupenda. Una ubaya gani?

Bajaji ya Ngamiani

Dada umesahau posho. Hayo mengine tutaongea baadaye.

Nesi wa Chumbageni

Posho ipo mkuu, nauli 10,000 na soda. Imeandikwa ukurasa wa tatu.

Bajaji ya Ngamiani

Ukurasa wa tatu 😂😂

Daktari wa Zamu

Nesi, droo yangu ina mialiko saba kama huo wako, kwa hiyo nisikilize.

Rudia kusoma: "kutathmini uelewa". Umeniletea mtihani, na mitihani nimeshamaliza. Halafu juu ya barua kuna muhuri wa mganga mkuu wa wilaya. Wewe unaona kibali, mimi naona ukaguzi. Nikisema vibaya, maneno yatafika ofisini kabla sijafika nyumbani.

Ila kuna kubwa zaidi, na ndilo linalonifanya nisifungue bahasha. Malaria nina jibu. Presha nina jibu. Hili sina.

Kuna mwaka ilikuja kambi ya kupima bure, wakapanga mahema uwanja wa mpira Jumamosi na Jumapili. Wanatumia vijiti, tone la damu ya kidole, mstari ukitokea umeambiwa "unayo". Namba hakuna. Jumatatu asubuhi nakuta wanaume 19 kwenye benchi langu, kila mmoja kashika kikaratasi kama mtu aliyeitwa polisi. Mmoja alikuwa na maambukizi ya mkojo tu. Wengine tezi zimekua, kama zinavyokua za wazee wengi. PSA inapanda kwa hayo yote, inapanda hata kwa mtu aliyewekewa mpira, wewe unajua kuliko mimi. Nikawarudisha maabara tupate namba. Ambao namba ilibaki juu ikabidi nikawaandikie rufaa wakatolewe vinyama vya tezi vikaangaliwe kama vina saratani, safari ya siku nzima, na wengi hawana bima. Nusu sikuwaona tena.

Mmoja alirudi baada ya miezi sita. Alikuwa ameuza sehemu ya shamba lake la michungwa. Vinyama vilitoka safi. Akakaa pale akaniuliza kwa upole kabisa: "Daktari, ulinituma kupima ili iweje?" Tangu siku ile nikaacha kuwashawishi wasio na dalili.

Haya, kuna mwingine, miaka 61, alikuja mwenyewe kuomba kipimo. Nikamuuliza mkojo unatoka vizuri? Unatoka. Usiku unaamka? Mara moja. Nikamwambia nenda nyumbani baba, huna shida. Miaka miwili baadaye akaletwa kwenye machela, ugonjwa uko kwenye uti wa mgongo.

Sasa unakuja na dodoso: "Je, huwashauri wanaume kupima PSA? Kila mara / Mara nyingi / Mara chache / Kamwe." Nitie vema wapi?

Nesi wa Chumbageni

Swali hilo lipo kweli kwenye dodoso langu. Namba 14.

Mtanga wa Leicester

Nimepita. Mimi ni daktari wa kliniki ya mtaa huku Uingereza, kwetu ni Makorora. Nesi, ninachotaka kukwambia ni kwamba daktari aliyepita juu yangu hana upungufu wa uelewa. Yuko pale pale ilipo dunia nzima.

Tazama wakubwa wanavyoyumba. Jopo la Marekani linalotoa ushauri wa upimaji lilisema mwaka 2012 kipimo cha PSA kisitumike kuwapima wasio na dalili. Mwaka 2018 likageuka: wa miaka 55 mpaka 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari, wa 70 kwenda juu asipimwe. Utafiti mkubwa wa nchi za Ulaya uliotoa matokeo mwaka 2009 ulipata vifo vimepungua kwa asilimia 20. Lakini kwa hesabu yao wakati ule, ili kuokoa mtu mmoja iliwabidi waalike 1,410 na kutibu 48. Wa Marekani uliotoka mwaka huo huo haukuona tofauti, na wengi wa wale ambao hawakutakiwa kupimwa walikwenda kujipima wenyewe.

Halafu kuna wa huku, unaitwa CAP. Huu ungekufaa kuusoma, kwa sababu ulianzia milangoni mwa madaktari kama wako unavyoanzia. Kliniki 573 za Uingereza na Wales. Hawakumwendea mwanaume mmoja mmoja na kumwingiza kwenye kundi. Waligawa kliniki nzima nzima kwa kura, na kura ilipigwa kabla ya kliniki kuombwa ridhaa. Wanaume zaidi ya 400,000 wa miaka 50 mpaka 69. Wa upande mmoja waliitwa kupima PSA mara moja tu, wa upande wa pili waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Daktari wa kliniki akikataa barua, orodha yake yote ya wagonjwa haimo. Baada ya miaka 15, matokeo yaliyotoka mwaka 2024: waliokufa kwa ugonjwa huu ni 69 katika kila 10,000 kwa walioalikwa, na 78 kwa wasioalikwa. Basi, tofauti ndiyo hiyo. Daktari mwenye busara akiziona namba hizo lazima akune kichwa.

Na wanaume weusi kwenye tafiti zote hizo walikuwa wachache mno, wakati huku mweusi mmoja kati ya wanne atakuja kuambiwa ana saratani hii, na kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Ndiyo maana utafiti mpya ulioanza kuita watu mwaka 2025, TRANSFORM, unawaita weusi kuanzia miaka 45 na wengine kuanzia 50. Huwezi kujipeleka mwenyewe, unasubiri barua. Nina mgonjwa, mzee wa Unguja, kila akija ananiuliza barua yake imefika wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu: mwambie daktari kwenye mstari wa kwanza kabisa kwamba jibu sahihi halipo. Usimpime. Muulize anafanyaje wakati jibu halipo. Barua iwe nusu ukurasa, jina lake liandikwe, si "Ndugu Daktari". Posho ije na barua, usimwahidi. Mapitio ya Cochrane, wale wataalamu wanaokusanya tafiti na kuzichambua kwa pamoja, yalilipima hilo kwenye tafiti nyingi za madodoso: pesa inayotangulia huleta majibu mengi kuliko inayosubiri jibu, na dodoso fupi hulishinda refu.

Mawili ya pembeni. Barua ukiibadilisha, irudishe kwanza kwenye kamati ya maadili, usiisambaze kimya kimya. Na kile kikaratasi cha PSA 86, mzee yule hajaridhia chochote, kisionekane kwenye ripoti yako.

Nesi wa Chumbageni

Asante kaka. Hapa nimebadilisha kijiji na namba, na kwenye ripoti hakitaingia.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, mimi si mganga, nilifundisha jiografia. Nilipofika miaka 64 nilisikia redioni wanaume tukapime. Nikaoga, nikavaa suruali mpya, nikaenda. Njia nzima nawaza kile kidole. Daktari kijana wa kiume akaniuliza kama nakojoa vizuri, nikasema ndiyo, akasema basi mzee nenda salama. Nikatoka mbio, nikanunua muwa. Mke wangu akaniuliza umepimwa? Nikamwambia nimepimwa. Nilimdanganya, na sijui yule kijana naye alifurahi kama mimi au vipi. Nilimwona uso wake.

Ukiwapata madaktari wako, hasa hao wanaume waliovuka 50, waulize wao wenyewe wamepima?

Bajaji ya Ngamiani

Mwalimu umeua.

Nesi wa Chumbageni

Shikamoo mwalimu. Swali lako nimelikalia siku tatu. Msimamizi alisita, akasema ni afya ya mtu binafsi. Tumekubaliana liwe la mwisho, na mtu ana haki ya kulipita.

Namba 14 nimeifuta. Mwaliko sasa hivi ni huu:

"Dkt. ____, shikamoo / habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Wanaume wanakuomba kipimo cha tezi dume na miongozo duniani haikubaliani kuhusu cha kuwajibu. Naomba unisimulie mgonjwa mmoja uliyempima na mmoja ambaye hukumpima. Sitaandika jina lako wala la kituo, na sitampelekea mkubwa wako chochote. Nakuja unapopenda, hata saa tatu usiku kwa simu. Nauli iko ndani ya bahasha, ni yako hata ukikataa. Nikimaliza nitakurudia na nilichopata, kwa mdomo, kabla sijakipeleka chuoni."

Mihuri nimeihamishia nyuma. Nimeirudisha kamati ya maadili leo.

Daktari wa Zamu

Hiyo ningeifungua. "Nitakurudia" uliandike kwa herufi nzito. Aliyenihoji mara ya mwisho alikunywa chai yangu saa nzima, mpaka leo sijui walipata nini.

Na usiwaendee asubuhi. Njoo saa tisa, foleni ikiisha na watu wamekaa.

Nesi wa Chumbageni

Mrejesho, maana mlinisaidia. Kamati ilichukua wiki tatu. Nimepeleka barua mpya 20 kwa kuanzia, mpaka jana wamejibu 13. Mmoja alirudisha nauli na kuandika "sina muda", nami namshukuru maana angalau aliifungua.

Yule wa kikombe cha chai nilimpelekea mkononi saa tisa na nusu. Alisoma amesimama, akakaa, akaanza kunisimulia hapo hapo habari za mzee na mwanae asiyepokea simu. Ikabidi nimkatishe, nikamwambia daktari ngoja, saini kwanza fomu ya ridhaa. Meza ilikuwa imelowa. Akatafuta kitu cha kuweka chini ya karatasi, akavuta bahasha yangu ya kwanza. Bado haijafunguliwa.

Kati ya waliofika swali la mwalimu, wanaume waliovuka 50 ni watano. Aliyepima ni mmoja.

Daktari wa Zamu

Nina miaka 52, na mimi ungeniweka kwa hao wanne. Jumatano nipo. Usilete bahasha.