Programu yetu ya uzamili imehamishiwa idara nyingine, na sisi tulio katikati ya utafiti tumeachwa bila mwenyewe

Wenzangu,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya sayansi ya mazingira katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi. Programu yetu haijawahi kuwa mali ya idara moja. Idara za kemia, biolojia, jiolojia na jiografia ziliianzisha kwa pamoja, kila moja ikatoa wahadhiri na mjumbe mmoja wa kamati, na kitengo cha masomo ya uzamili kikashika usimamizi wa kila siku. Katikati ya Februari mwaka huu tuliletewa waraka wa ukurasa mmoja uliosema kwamba majukumu yote ya kiutawala ya programu yamehamishiwa idara ya jiografia, na kwamba agizo hilo linaanza kutekelezwa mara moja. Haukutaja mratibu mpya ni nani. Haukusema wanafunzi waliokwisha kuanza utafiti watahudumiwa na ofisi gani wakati makabidhiano yakiendelea. Sasa ni Juni, na maswali hayo mawili hayajajibiwa na mtu yeyote.

Asiyejua mambo ya uzamili anaweza kudhani kwamba utawala ni kazi ya makarani na mihuri, na kwamba sayansi inaendelea maabarani hata ofisi zikihamahama. Si hivyo. Utawala ni saini ya mratibu kwenye fomu ya masurufu, yaani fedha za safari ya kikazi, ambayo bila hiyo huendi nyanjani. Ni barua ya utambulisho unayoambatanisha unapoomba kibali cha utafiti kutoka kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Ni majina ya watahini wa tasnifu yanayopelekwa kwa bodi ya uzamili, na ni jina lako kuonekana mahali panapostahili kwenye mfumo wa usajili baada ya kulipa karo. Mimi nililipa karo ya muhula huu kwa wakati, na risiti ninayo, lakini mfumo bado unanihesabu chini ya kitengo cha zamani, na kitengo cha zamani kinasema hakina tena mamlaka ya kunithibitisha.

Nieleze lililonipata, kwa sababu madhara ya waraka huu hayaonekani mpaka uyatazame kwenye kazi ya mtu mmoja. Utafiti wangu unahusu metali nzito (kama madini ya risasi) na naitreti (chumvi yenye nitrojeni) katika Mto Nairobi, kuanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ambako mto unachimbuka, kupitia Gikomba, hadi Dandora karibu na jaa la taka na hatimaye Njiru. Sampuli za msimu wa kiangazi nilizichukua mwanzoni mwa Februari, kabla ya waraka. Zile za metali nilizitia asidi ya naitriki hadi pH, yaani kipimo cha uasidi, ikashuka chini ya 2, na sampuli zilizohifadhiwa namna hiyo hukubalika kupimwa ndani ya miezi 6. Maana yake ni kwamba mwanzo wa Agosti ukipita kabla sijazipima, kazi yangu ya kiangazi imekwisha. Mashine ya kupimia metali iko katika idara ya kemia. Chini ya kamati ya zamani tuliitumia bila malipo, kwa kuwa kemia ilikuwa mshirika wa programu. Nilipokwenda Machi nikaambiwa kwamba sasa mimi ni mwanafunzi wa jiografia, na kwamba wanafunzi wa nje hulipia kila sampuli. Sikuhamia jiografia. Sikujaza fomu yoyote. Nililala nikiwa wa ndani, nikaamka nikiwa wa nje.

Sampuli za msimu wa mvua ndizo zinazoniuma zaidi. Mvua za masika hapa kwetu hunyesha kati ya Machi na Mei, na hoja nzima ya pendekezo langu la utafiti ni kulinganisha mto ukiwa umepungua na mto ukiwa umejaa maji yaliyosomba uchafu wa mitaa. Sampuli ya naitreti isiyotiwa dawa yoyote huwekwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi na kupimwa ndani ya saa 48. Upimaji wa oksijeni inayotumiwa na vijidudu nao hauwezi kungoja zaidi ya hapo. Kwa hiyo ni lazima gari, barafu, chupa, fundi wa maabara na nafasi ya maabara vipatikane katika wiki moja, na vyote hivyo vinategemea fomu moja ya masurufu iliyotiwa saini na mratibu. Nilizunguka na fomu hiyo Machi yote na Aprili yote. Katika kitengo cha uzamili karani aliniambia, "Dada, faili zenu tulishazipeleka jiografia." Kule jiografia mama wa masijala, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo, alinionyesha rafu na kuniambia, "Mwanangu, hapa hatujapokea faili hata moja, na mwenyekiti hawezi kutia saini kitu asichokabidhiwa." Mwenyekiti naye aliniambia hivyo hivyo, kwa upole. Mvua ilinyesha, mto ukafurika, ukapungua, nami nikiwa kwenye korido. Masika mengine ni mwaka ujao, na kibali changu cha utafiti, ambacho ni cha mwaka mmoja, kitakuwa kimekwisha.

Kisha mwezi uliopita likaja jingine. Tuliitwa wanafunzi sita tukaambiwa kwamba, kwa kuwa mapendekezo yetu yalipitishwa na kamati ambayo haipo tena, itatubidi kuyatetea upya mbele ya kamati ya uzamili ya idara mpya. Pendekezo langu lilitetewa, likasahihishwa, likapitishwa, na msimamizi wangu wa kwanza, ambaye ni mwanakemia, na wa pili, ambaye ni mwanajiolojia, wakatia saini. Ikiwa uamuzi wa kamati hufa kamati inapovunjwa, basi hata shahada za waliotutangulia ziulizwe zilitolewa na nani. Chuo ndicho kilichopitisha pendekezo langu kupitia kamati yake, na chuo hakijavunjwa.

Sipingi uhamisho wenyewe, na ningependa hili lieleweke kabla mtu hajanijibu kwamba wanafunzi hawapendi mabadiliko. Kitengo cha uzamili hakina wahadhiri wake wala maabara, na programu kukaa chini ya idara yenye watu na vifaa lingeweza kuwa jambo la busara. Ila programu ya idara nne ikipewa idara moja bila makubaliano ya maandishi na zile tatu, zile tatu hujitoa polepole. Mhadhiri wa biolojia hupimwa kwa saa anazofundisha katika idara yake. Saa anazofundisha kwetu zisipohesabiwa tena, mwenyekiti wake atamrudisha kwake, na hatutakuwa na wa kumlaumu. Tayari somo la ikolojia ya maji baridi halikufundishwa muhula huu. Mto hauwezi kusomwa na mwanajiografia peke yake, wala na mwanakemia peke yake, na hiyo ndiyo sababu iliyofanya programu hii iundwe ilivyoundwa.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na mamlaka za utawala kwa haraka, kwa kufuata sheria na kwa utaratibu ulio wa haki, na pia haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Sijapewa sababu yoyote. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inaitaka taasisi ya umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21. Nimeomba rasmi nakala ya kumbukumbu za kikao cha Seneti ya chuo kilichoidhinisha uhamisho huu, ikiwa kilikuwapo, na siku hizo zinaisha Ijumaa ijayo. Nisipojibiwa nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na wenzangu watatu wamekubali kutia saini pamoja nami.

Ninachodai si kikubwa. Atajwe mtu mmoja, kwa jina na kwa maandishi, mwenye mamlaka ya kututilia saini kuanzia wiki hii, awe wa ofisi ya zamani au ya mpya. Mapendekezo yaliyopitishwa yahesabiwe yamepitishwa. Makubaliano ya kutumia maabara za idara nne yaendelee kwa kila aliyesajiliwa kabla ya Februari hadi amalize. Muda tuliopoteza usihesabiwe kwenye muda wetu wa masomo, na tusitozwe karo ya nyongeza kwa miezi ambayo chuo chenyewe ndicho kilichotufungia mlango.

Sampuli zangu za kiangazi bado ziko salama kwa sababu fundi mmoja wa maabara amekubali kuniwekea, ingawa hakuna karatasi inayomwagiza kufanya hivyo. Namshukuru, na inanisikitisha kwamba utafiti unaogharamiwa na karo yangu unategemea wema wa mtu mmoja badala ya utaratibu wa chuo.

Kwa mliowahi kuhamishiwa programu mkiwa katikati ya tasnifu, katika chuo chochote hapa nchini: je, mlilazimishwa kutetea mapendekezo upya? Kama mlikataa, mliandika barua kwa nani, kwa msajili wa taaluma au moja kwa moja kwa Naibu Chansela, na mlijibiwa baada ya muda gani? Naomba majibu ya walioyapitia wenyewe, kwa sababu Agosti haiko mbali.