Kitufe cha "Nakubali" ni Kiswahili, sera ya faragha ni Kiingereza cha mahakamani!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Nimepakua programu ya kuhesabu hatua. Vitufe vyote Kiswahili safi: "Anza", "Hongera", "Alika rafiki". Nikafika kwenye "Nimesoma na kukubali sera ya faragha". Kwa mara ya kwanza maishani nikasema ngoja niisome kweli. Kubonyeza tu, Kiswahili kikayeyuka. Kiingereza cha wanasheria, herufi ndogo kama chawa, nikaburuta skrini mpaka kidole kikachoka.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu: njia ninayopita kila asubuhi, nani anapewa? Jibu lao, kwa tafsiri yangu: "Tunaweza kuwapa baadhi ya taarifa zako washirika tunaowaamini, kwa madhumuni halali ya kibiashara." Tunaweza! Baadhi! Na hao washirika mnawaamini nyinyi, mimi nawajulia wapi?

Asije mtu hapa kuniambia eti sheria ndiyo inawalazimisha waandike hivyo. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda data inayotumika tangu Mei 2018, kifungu cha 12 kinataka maelezo mafupi, yanayoeleweka, kwa lugha nyepesi, hasa yakiwa ya watoto. Mwongozo wake unasema hata maneno kama "tunaweza" na "baadhi" yaepukwe. Mwaka 2021 mamlaka ya Uholanzi iliipiga TikTok faini ya euro 750,000 kwa sababu watoto wa kule waliwekewa maelezo ya faragha kwa Kiingereza tu. Watoto wa Kiholanzi, ambao nadhani Kiingereza wananizidi mimi! Google nao walikatwa euro milioni 50 Ufaransa mwaka 2019, na moja ya makosa yao ilikuwa kutawanya maelezo kwenye kurasa kibao, mtu abonyeze mara tano, sita ndipo ayapate.

Halafu kuandika vizuri wanajua sana. Fungueni ukurasa wa kulipia wa programu hiyohiyo: bei, tarehe, kitufe. Kwa Kiswahili. Hakuna "tunaweza" pale, pesa wanakata siku ileile waliyosema.

Nimewaandikia kuwauliza hao washirika ni akina nani. Siku ya tatu wakajibu: "Tunathamini faragha yako. Kwa maelezo zaidi, tafadhali soma sera yetu ya faragha." Na linki chini yake.