Mkongwe au chipukizi: Je, Atlanta Falcons walichelewa kumweka Kirk Cousins benchi?

Hoja iliyo mbele yetu ni kama kocha Raheem Morris alikosea kumwacha Kirk Cousins, mwenye umri wa miaka 36, aongoze mashambulizi ya Atlanta Falcons, timu ya ligi ya futiboli ya Marekani (NFL), hadi katikati ya Desemba 2024, huku chipukizi Michael Penix Jr. akisubiri benchi. Waliotangulia kuchangia wamemtetea kocha kwa sababu mbili: kwamba Cousins alisajiliwa kwa fedha nyingi mno, na kwamba timu inayoongoza kundi lake haibadilishi kwotabeki (mchezaji anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi) katikati ya msimu. Mimi nasema alikosea, na kosa lenyewe lina tarehe: ni baada ya tarehe 17 Novemba, siku Falcons walipochapwa 38-6 na Denver Broncos.

Tuanze na fedha, maana hoja hiyo haihitaji muda mrefu. Mkataba wa miaka minne aliousaini Cousins mwezi Machi ulimhakikishia dola milioni 100, na fedha hizo zingelipwa acheze asicheze. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka 2001 New England Patriots walimpa Drew Bledsoe mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 103, akaumia mwezi Septemba, na alipopona kocha Bill Belichick akaendelea na Tom Brady, kijana aliyechaguliwa wa 199 katika drafti (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu) ya mwaka uliotangulia. Msimu huo ulimalizika kwa ubingwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na mfano unaonisumbua ni wa New York Giants mwaka 2004. Walikuwa wameshinda mechi 5 na kupoteza 4 chini ya Kurt Warner, kocha Tom Coughlin akamweka Eli Manning, na kijana huyo akapoteza mechi zake sita za kwanza mfululizo. Dhidi ya Baltimore alikamilisha pasi 4 kati ya 18. Anayesema kwamba kumwingiza chipukizi ni kuutupa msimu ana ushahidi wake hapo, wala siwezi kuupuuza.

Lakini tutazame Warner alikuwa na kasoro gani. Katika mechi 10 alizocheza, pasi zake zilizonaswa na wapinzani zilikuwa 4 tu. Kilichomwangusha ni ukuta wa mbele (wachezaji wanaomlinda kwotabeki) uliovuja, kiasi kwamba aliangushwa na mpira mkononi karibu mara 40. Ukuta ukivuja, anayesimama nyuma yake ataumia, awe kijana au mzee. (Warner mwenyewe baadaye aliifikisha Arizona Cardinals kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa amepewa nafasi mbele ya kijana Matt Leinart, kwa hiyo asinifikirie mtu kuwa nawachukia wakongwe.) Kwa Cousins tatizo lilikuwa tofauti. Alikuwa amechanika kano ya kisigino Oktoba 2023, na ingawa aliwahi kurusha yadi 509 katika mechi moja dhidi ya Tampa Bay mwezi Oktoba 2024, kufikia Novemba alikuwa akisimama pale pale kama nguzo, akirusha bila kusogea. Katika mechi nne mfululizo walizopoteza hakutoa pasi hata moja ya kufunga, na pasi zake 8 zilinaswa.

Sasa niseme kwa nini naitaja tarehe 17 Novemba. Baada ya Denver, Falcons walikuwa na wiki ya mapumziko, yaani siku 14 kabla ya kuwakaribisha Los Angeles Chargers nyumbani. Timu haipati muda mzuri kuliko huo wa kumwandaa kwotabeki mpya. Walikuwa 6-5, yaani wameshinda mechi 6 na kupoteza 5. Kwotabeki wa Denver aliyewachapa alikuwa Bo Nix, chipukizi wa drafti ile ile, aliyechaguliwa wa 12 wakati Penix alichaguliwa wa 8, na aliyekuwa amecheza tangu Septemba. Penix naye hakuwa mtoto: alikuwa na miaka 24, amecheza misimu sita chuoni, na ameifikisha timu ya Chuo Kikuu cha Washington kwenye fainali ya taifa.

Morris akamrudisha Cousins. Chargers walinasa pasi zake nne: moja ikarudishwa na Tarheeb Still hadi kufunga, na ya mwisho ikanaswa ndani ya eneo la kufungia, Falcons wakiwa wanatafuta bao la ushindi. Ikaisha 17-13. Penix alipoanza hatimaye tarehe 22 Desemba, waliwachapa Giants 34-7, kisha wakapoteza mechi mbili katika muda wa nyongeza, zote mbili bila yeye kuugusa mpira katika muda huo.

Nakubali kwamba hesabu hainipi ushindi wa wazi. Falcons walimaliza 8-9, Tampa Bay 10-7, na kwa kuwa Falcons waliwafunga Tampa Bay mara mbili, walihitaji ushindi 2 zaidi ili walitwae kundi. Mmoja ulipotea kwa pointi nne dhidi ya Chargers. Wa pili ungeweza kupatikana kwa kijana ambaye angefika mwisho wa Desemba akiwa na mechi tatu zaidi miguuni. Anayepinga atueleze ni kitu gani Morris alikiona mazoezini katika siku zile 14 kilichompa matumaini kwamba kisigino cha Cousins kitamruhusu kusogea.