Mjadala: Tuzitoze ushuru paneli za sola za China ili kulinda kiwanda cha Naivasha?

Wadau, kuna wanaodai Kenya itoze ushuru mzito paneli za sola kutoka nje ili viwanda vya hapa vipumue. Mimi napinga, na si kwa sababu ya ile kasumba kwamba hatuwezi. Naivasha wanaunda paneli tangu 2011, kiwanda kikiitwa Ubbink, siku hizi Solinc.

Ila tunalinda nini hasa? Itazameni kazi yenyewe. Seli, yaani vile vipande vya silikoni vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zinakuja tayari kutoka nje. Zinalehemiwa moja baada ya nyingine kwa utepe mwembamba wa shaba, zinalazwa juu ya kioo katikati ya karatasi mbili za plastiki, zinaingizwa kwenye mashine inayofyonza hewa na kuzigandisha kwa joto, kisha fremu ya alumini na kisanduku cha nyaya mgongoni. Ni ustadi, siubezi. Lakini thamani kubwa iko kwenye seli, na hizo zinashuka bandarini Mombasa. China peke yake imeshika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji duniani.

Mtanitajia India. Sawa, Aprili 2022 waliweka ushuru wa asilimia 40 kwa paneli na 25 kwa seli, na viwanda vikaongezeka. Ila wana soko kubwa la ndani, na serikali yao ilimwaga ruzuku juu ya huo ushuru. Sisi mwaka 2020 tulirudisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye vifaa vya sola, mwaka uliofuata tukaiondoa. Nani ataleta mitambo ya mabilioni kwenye nchi yenye kigeugeu namna hiyo? Kwa sasa ushuru utamwangukia mama wa Turkana anayetaka taa mbili na pa kuchajia simu.

Mimi ningeanzia kwenye zabuni: shule, zahanati na pampu za visima vya serikali zifungwe paneli za hapa, kwa mkataba wa miaka mingi, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, wapime wati kabla ya malipo. (Hao KEBS wapitie pia maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, Nairobi, kuna paneli zenye vibandiko vya wati vya ajabu kule.)

Mnaotaka ushuru, nijibuni haya mawili. Kuyeyusha silikoni kunakula umeme kupita kiasi: umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ulio jirani kabisa na Naivasha, kiwanda kitauziwa kwa bei gani? Na ushuru wenu unakoma mwaka gani iwapo seli ya Kenya haijatoka?