Mume wangu wa baiskeli, kaka yangu wa basi: hawasemezani. Nifanyeje?

mama_keren

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika kutoka Lubumbashi, upande wa barabara ya Kipushi. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu, maana najua kuna watakaokimbilia kusema "hayo ni ya wanaume, achana nayo". Ningeweza kuachana nayo nisingekuja hapa.

Mume wangu ni fundi wa kulehemu. Karakana yao iko komine ya Kenya (walio mbali msishtuke, ni Kenya ya humu humu mjini, haihitaji pasipoti). Anakwenda kwa baiskeli na kurudi kwa baiskeli. Kaka yangu mkubwa, baba mmoja mama mmoja, anaendesha basi dogo la abiria, Kipushi hadi mjini. Barabara ni hiyo moja na saa ni zile zile.

Zamani ulikuwa utani wa mashemeji tu. Kaka akipita anapiga honi, mume wangu anainua mkono, jioni wanatukanana kidogo kwenye sahani ya bukari (ugali) na maisha yanaendelea. Sasa utani umekwisha. Mvua zilipoanza, mume wangu alikuwa anarudi na vyuma vya mlango wa mteja, kavifunga kwenye kariya. Basi likatokea nyuma, honi ndefu, na mbele linakuja lori. Mume wangu anasema basi lilimpita karibu hadi kioo kikamgusa kiwiko. Akatoka kwenye lami, gurudumu la mbele likadumbukia pale ukingo ulipomegeka, rimu ikakunjika kama chapati. Goti na kiganja vikachunika. Kaka anasema hakumgusa hata kidogo, alimpigia honi mapema, na mtu anayepigiwa honi asishuke pembeni huyo anakitafuta kifo mwenyewe. Anasema pia mwenye basi anadai hesabu yake kila jioni, hasikilizi habari za baiskeli.

Tangu siku ile, kimya. Wakikutana kwa mama, mmoja anaingia mwingine anatoka.

Na hapa ndipo penye mwiba: mdogo wetu wa mwisho analetewa mahari hivi karibuni. Kaka ndiye atakayekaa kwenye kiti cha marehemu baba. Mume wangu ndiye mkwe wa kwanza wa nyumba, wageni anawapokea yeye. Amesema hatii mguu pale mpaka rimu yake ilipwe. Kaka amesema hatalipa hata spoku moja, kwa kuwa kulipa ni kukiri kwamba alimgonga.

Nianze na nani? Na ninyi mnaojua barabara, wa magari na wa baiskeli, niambieni bila kunionea haya: pale nani alikuwa na haki?

lori_la_shaba

Dada, mimi ni dereva wa lori, nateremka hadi Kasumbalesa. Nitamtetea kaka yako kidogo, halafu nitamwachia mkono.

Utetezi: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukishtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, mita hizo zimekwisha. Watu wa baiskeli hawalijui hili, wanadhani dereva akikuona basi gari nalo limekuona. Halafu jioni wengi hawana hata kipande cha kitu kinachong'aa nyuma. Na vyuma! Hivyo vyuma vilifungwa kwa urefu au kwa upana?

Sasa namwachia mkono. Honi ndefu ya namna ile, sisi tulio kwenye kiti tunaijua maana yake: dereva ameshaamua kutopunguza mwendo. Anapiga honi badala ya breki. Lori linakuja mbele, baiskeli iko upande wako, barabara haiwatoshi watatu? Unakaa nyuma ya baiskeli. Lori likishapita, unapita na wewe. Abiria watapiga kelele, waache wapige.

mama_keren

Kwa urefu, kaka. Vilitokeza nyuma, na alivitundika kitambaa chekundu. Hilo hata kaka yangu halikatai.

magunia_manne

Mimi nimesukuma baiskeli ya makala (mkaa) kutoka porini kuingia mji huu, kwa hiyo nitasema ya kwetu.

Huyo kaka anasema "ashuke pembeni". Pembeni ipi? Ukingo wa lami umelika, kutoka juu hadi kwenye udongo ni kina cha kiganja, kwingine zaidi. Kipindi cha mvua pale chini ni tope, kiangazi ni mchanga. Kushuka ukiwa na mzigo na unakwenda ni kuanguka, sio kushuka. Na kibaya zaidi ni kurudi. Ukijaribu kupanda tena kwa kimshazari, tairi linaburuzika kwenye ukingo, halipandi, halafu ghafla linapanda na kukutupa katikati ya barabara, chini ya gari linalofuata. Nimeona mtu akifa hivyo, na dereva aliyepiga honi alikuwa ameshafika mbali, wala hajui.

Mwambie mumeo: akitoka lami asirudi akiwa amepanda. Asimame, ainue baiskeli, airudishe kwa mkono. Na akiendesha asijibane ukingoni kabisa. Aache nafasi kama ya mkono mmoja kulia kwake, ili honi ikilia awe na pa kusogea bila kuanguka. Ukijibana kabisa, dereva anaona nafasi inatosha na anajipenyeza. Ukiacha nafasi kidogo, inambidi atoke kweli upande wake ndipo akupite.

barabara_ni_ya_magari

Mimi nitasema wasichotaka kusema wengine. Baiskeli na mikokoteni viondolewe kwenye barabara kubwa. Barabara ya lami ni ya magari, tunalipa kodi.

mama_wa_katuba

Na makala unayopikia bukari lako yatakujia kwa ndege? Tusaidie dada wa watu, ndugu, usituletee siasa.

mwana_goma

Kwetu Goma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tumeijengea sanamu kabisa, imepakwa rangi ya dhahabu, iko katikati ya mzunguko. Na madereva wanaizunguka sanamu hiyo huku wakiipigia honi chukudu ya kweli iliyobeba viazi. Kwa hiyo dada usidhani ni ya Lubumbashi tu. Pole.

mwanasheria_wa_mtaa

Aliuliza nani mwenye haki, nijibu hilo. Sheria ya barabarani tunayotumia ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na nchi yetu imo katika Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usalama barabarani. Mkataba huo unasema anayepita mwingine lazima amwachie nafasi ya kutosha ubavuni. Honi, unasema, ni ya kuzuia ajali, na nje ya mji inaruhusiwa pia kumjulisha mtu kwamba unataka kumpita, ila isipigwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuna mahali honi inapompa mtu njia. Kumjulisha mtu kuwa unakuja hakukupi ruhusa ya kumwambia atoke.

Lakini mume naye asishangilie haraka. Mkataba huo huo unamtaka anayekwenda polepole akae karibu na ukingo wake kadiri hali inavyoruhusu, na anayepitwa asogee upande wake. Maneno muhimu ni "kadiri hali inavyoruhusu". Ukingo uliomegeka hauruhusu. Kwa maelezo yako, kama kulikuwa na lori mbele, kaka alipaswa kungoja. Nchi nyingine zimeweka hata kipimo: Ufaransa ni mita 1 mjini na mita 1 na nusu nje ya mji.

Usiende nayo polisi, lakini. Mtatumia pesa ya rimu kumi na rimu haitapatikana.

gereji_ya_kijana

Nina swali moja tu kabla hamjaendelea na mikataba. Usukani wa basi la kaka uko upande gani?

mama_keren

Uko kulia. Gari lilipitia Dar es Salaam. Mwenye basi alisema atauhamisha, hajauhamisha.

gereji_ya_kijana

Nilijua. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye jibu, na wote wawili wanasema kweli.

Sisi tunaendesha upande wa kulia. Mwenye usukani wa kulia amekaa upande wa majani. Kaka anamwona mumeo vizuri kuliko dereva yeyote, mumeo yuko pale pale chini ya dirisha lake. Asichokiona kaka ni cha mbele kushoto. Akifuata gari kubwa kidogo, ili ajue kama kuna kitu kinakuja inambidi atoe basi karibu lote upande wa pili, na hapo ameshachelewa. Kwa hiyo madereva wa usukani wa kulia hujizoesha vibaya: badala ya kutoka na kumpita mtu wa baiskeli kwa nafasi, wanajipenyeza wakiwa wamebaki upande wao, kwa kuwa wa baiskeli wanamwona na wa mbele hawamwoni. Wanahesabu sentimita za upande wanaouona. Huyo kaka inawezekana kabisa alijua hakumgusa, maana alikuwa anakitazama kiwiko chenyewe. Ila kioo kinatokeza nje, na mtu wa baiskeli mwenye mzigo haendi kwa mstari ulionyooka.

Kingine, mlango. Mabasi hayo ya Japani mlango wa abiria uko kushoto, huko kwao ni upande wa kando ya njia. Kwetu unafungukia katikati ya barabara. Hata wanaohamisha usukani, mlango unabaki ulipo. Mwambie mumeo asipite kushoto kwa basi lililosimama, hata siku moja, hata kama ni la shemeji yake.

Dawa yangu ni hii: mume apande basi hilo safari moja, akae kiti cha mbele kushoto. Atakuwa anaona kile ambacho shemeji yake hakioni. Maneno hayatahitajika mengi. Na kijana wa mlango afundishwe: kazi yake si kuita abiria tu, yeye ndiye macho ya kushoto. Akisema "ngoja", dereva anangoja.

mama_wa_katuba

Huyo kijana wa gereji apewe soda.

Ya familia sasa. Mama Keren, usianze na mume, na usianze na kaka. Ukianza na mume utaonekana unamtetea ndugu yako, ukianza na kaka utaonekana umeolewa ukasahau kwenu. Anza na mama. Mama amwite kaka peke yake, amwambie mkwe wangu ameumia goti barabarani na wewe hujaenda kumpa pole. Asimtaje rimu wala honi. Kumpa pole mtu aliyeumia hakumfanyi yeyote kuwa na hatia. Rimu aitoe mama kwa mkono wake, kaka atajua mwenyewe namna ya kumrudishia mama.

magunia_manne

Hapo sikubaliani. Mnamficha mwanaume nyuma ya kanga ya mama yake. Alipe mwenyewe, aje nyumbani kwa miguu yake, alete rimu mkononi. Ndipo kesho akipita na basi atakumbuka bei yake.

lori_la_shaba

Ndugu wa magunia una haki, lakini mahari hayakungoji uwe na haki. Wageni wako njiani.

mama_keren

Nimerudi kuwapa habari. Nilifuata la mama wa Katuba, na la kijana wa gereji kidogo.

Mama alimwita kaka. Kaka alinung'unika lakini alikuja nyumbani kwetu, akakaa mlangoni kama mgeni, akasema "pole na goti, shemeji". Mume akajibu "limeshapona". Basi, hayo ndiyo mazungumzo yote. Rimu ilitoka kwa mama. Magunia, najua hutafurahi.

Jumamosi nikamwambia mume aende mjini kwa basi la kaka kuchukua nondo, akae mbele kushoto. Alikataa, halafu akaenda. Jioni alirudi amekasirika upya, ila safari hii hakumkasirikia kaka. Alisema njia nzima alikuwa akipiga kelele "lori! lori!" na kaka akiuliza "wapi?" Alisema hawezi kuelewa mwenye basi anawezaje kulala usiku. Kaka naye kasema ni mara ya kwanza kupata kijana wa mbele anayejua kutazama. Kuhusu honi bado wanabishana, kila mmoja na lake, lakini wanabishana kwa sauti na kwenye meza moja, kwa hiyo mahari yako salama.

Kaka alimtoza nauli kamili. Mume amelipa, na anayasema hayo kwa kila anayeingia uani.

Swali la mwisho: anataka kioo cha kufunga kwenye usukani wa baiskeli, upande wa kushoto, aone kinachokuja nyuma. Vinapatikana soko la Kenya au hadi soko la Mzee Kabila?

gereji_ya_kijana

Usinunue cha baiskeli, vinatetemeka hadi huoni kitu. Tafuta kioo cha pikipiki kilichotumika, soko la Kenya kwa wauza vipuri, akifunge kwa kipande cha mpira wa tairi katikati ili kisicheze. Mume ni fundi wa kulehemu, mshikio atautengeneza mwenyewe. Na apake rangi nyeupe kwenye kikinga matope cha nyuma akiwa hapo hapo.

lori_la_shaba

Na kile kitambaa chekundu abaki nacho, ila usiku hakionekani. Aweke kinachong'aa.